Nani Anasubiri? Hotuba kuhusu Tiki za Kerneli, Wingi wa Kazi na Wepesi wa Kuitika

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wasimamizi wa mifumo na waandishi wa programu. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya ambao hawakufika. Michoro nimeiacha.)

Ndugu wasimamizi wa mifumo, ndugu waandishi wa programu, na nyinyi wanafunzi mliokaa kule nyuma, habari za asubuhi.

Naanza na swali. Nani kati yenu anajua, bila kufungua kompyuta yake, prosesa ya seva anayoitunza inakatizwa mara ngapi kila sekunde na saa ya mfumo wenyewe? Kadi ya mtandao iacheni, diski iacheni. Naulizia ile saa ya ndani ambayo kila ikigonga, programu iliyokuwa ikiendelea inasimamishwa, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaingia, inaandika hesabu ya muda uliotumika, inatupa jicho kwenye foleni ya wanaosubiri zamu, kisha ama inairudisha programu ileile au inampa mwingine. Naona mikono michache. Ndiyo maana nimekuja.

Kugonga huko kwa saa tunakuita tiki. Kwenye Linux idadi ya tiki kwa sekunde inaamuliwa siku kerneli inapojengwa, na jina lake ni HZ. Orodha ya machaguo ni fupi: 100, 250, 300 na 1000. Kwa 100, tiki inakuja kila milisekunde 10. Kwa 250, kila milisekunde 4. Kwa 1000, kila milisekunde moja. Ile 300 iliwekwa kwa kuwawazia watu wa video, kwa sababu inagawanyika sawasawa kwa picha 25 na kwa picha 30 za sekunde moja.

Na ushauri unaozunguka mitaani mnaujua: "Ukitaka mashine iwe nyepesi weka 1000, ukitaka seva ichape kazi weka 100." Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umekatwa kichwa na miguu. Leo nataka tuurudishie mwili wake. Na nitalirudia swali moja mpaka mlizoee: nani anasubiri? Kila mara mtu anapowaambia mbadilishe saa ya kerneli, muulizeni hilo kwanza. Nani anasubiri?

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu ugomvi huu ni mkongwe kuliko Linux, ni mkongwe kuliko hata Unix.

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kabla ya hapo, kompyuta kubwa ilifanya kazi kwa mafungu: unapeleka kadi zako, unaondoka, unarudi baadaye kuchukua majibu. Mashine ilikuwa haipumziki, na hilo ndilo lililotakiwa, kwa sababu mashine ilikuwa ghali mno. Aliyesubiri alikuwa binadamu. CTSS ikauliza: je, tukigawa muda wa mashine vipande vidogovidogo, kila mtu aliyekaa kwenye mtambo wake wa kuchapia apate kipande chake, si kila mmoja ataona kama mashine ni yake peke yake?

Jibu likawa ndiyo, lakini na bei yake. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa finyu. Kumpa mtu mwingine zamu kulimaanisha kuitoa programu ya kwanza nje na kuingiza ya pili, na kuingiza na kutoa huko kulikula muda ambao hakuna hesabu yoyote iliyofanyika. Zamu zikiwa fupi mno, mashine inashinda kutwa ikibeba programu kuzitoa na kuzirudisha. Zamu zikiwa ndefu mno, mtu amebonyeza kitufe anaangalia ukuta.

Sasa sikilizeni walichofanya, maana mimi bado kinanifurahisha. Hawakutafuta namba moja ya kumfaa kila mtu. Waliweka foleni za ngazi. Programu ndogo iliingia ngazi ya juu, ikapewa zamu fupi na kuhudumiwa mapema. Isipomaliza, inashushwa ngazi moja, na huko zamu ni ndefu maradufu, ila inaipata mara chache. Ikishindwa tena, inashuka tena, na zamu inaongezeka maradufu tena. Programu kubwa ilianza chini moja kwa moja, kwa sababu gharama ya kuiingiza ni kubwa na haina maana kuiingiza kwa zamu ya kufumba na kufumbua. Aliyeuliza swali dogo alijibiwa upesi. Aliyeleta mzigo mkubwa alisubiri zaidi, lakini alipoanza hakusumbuliwa.

Mnaona? Zaidi ya miaka 60 iliyopita, watu walikuwa tayari wameelewa kwamba urefu wa zamu hauna jibu mpaka umjue anayesubiri.

Tuje kwenye Linux yenyewe. Kwa miaka mingi, kwenye mashine za kawaida za familia ya Intel, HZ ilikuwa 100. Kwenye prosesa za Alpha ilikuwa 1024. Kerneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003, mashine za kawaida zikapandishwa hadi 1000. Waliotumia kompyuta za mezani wakashangilia. Muziki ulikatika mara chache zaidi, vipima muda vya programu vikawa na usahihi wa milisekunde moja badala ya 10.

Halafu bili ikaja, na ikaletwa na watu watatu tofauti.

Wa kwanza ni mwenye kompyuta ya mkononi. Mashine haifanyi lolote, mwenyewe anasoma ukurasa, na bado prosesa inaamshwa mara 1000 kila sekunde kuulizwa kama kuna kazi. Prosesa inayoamshwa hivyo haipati usingizi mzito, na betri inaisha.

Wa pili ni mwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, naye nitamrudia.

Wa tatu aligundua jambo dogo linalohusu kuhesabu. Kerneli huhesabu tiki zake ndani ya kihesabio kiitwacho jiffies. Kikiwa cha biti 32, kinafika mwisho baada ya tiki bilioni 4 na ushee, kisha kinarudi sifuri. Kwa HZ 100 hiyo ni siku 497, na wachache hukaa muda huo bila kuwasha mashine upya. Kwa HZ 1000 ni siku 49.7. Ghafla kosa lililokuwa likijificha mwaka mzima na zaidi ndani ya dereva fulani, yaani programu inayoendesha kifaa, likawa linajitokeza kila baada ya wiki saba. Windows 95 na 98 ziliumwa na namba hiyohiyo: kihesabio cha milisekunde kilijaa baada ya siku 49.7 na mashine ikaganda. Wenzetu wa Linux walichukua hatua ninayoiheshimu sana. Walikianzisha kihesabio kikiwa kimebakiza dakika tano tu kijae. Kwa hiyo kila mashine inayowashwa inapita kwenye tukio hilo dakika tano baada ya kuwaka, na dereva mbovu inaumbuka mapema, wakati mtu bado yuko mbele ya kioo.

Agosti 2005, katika kerneli 2.6.13, namba ikafanywa chaguo, na 250 ikawekwa kuwa ya kuanzia. Ilikuwa suluhu ya kati, na kama suluhu nyingi za kati, kila upande ulinung'unika.

Ndugu zangu wa Windows msidhani mmepona. Kwenu saa hugonga kwa kawaida kila milisekunde 15.6, yaani mara 64 kwa sekunde, na programu inaweza kuomba igonge kila milisekunde moja. Kwa miaka mingi ombi la programu moja liliubadilisha mfumo mzima. Ni mwaka 2020 tu, katika toleo la Windows 10 lenye jina la 2004, tabia hiyo ilipobadilishwa. Na urefu wa zamu kwenye Windows ya mezani ni tiki 2 kwa kuanzia, ilhali kwenye Windows ya seva ni tiki 12. Kiini ni kilekile, zamu zimepishana mara sita, kwa sababu anayesubiri si yuleyule.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya gharama, maana hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu.

Tuseme tiki moja inakula mikrosekunde 2. Kwa HZ 100 umepoteza mikrosekunde 200 kila sekunde, yaani asilimia 0.02. Kwa HZ 1000 umepoteza asilimia 0.2. Mtu anatazama hesabu hiyo anasema, asilimia 0.2 ni nini? Nalipa. Na kwa mashine moja ya mezani nakubaliana naye kabisa. Lipa.

Lakini hesabu hiyo imemwangalia mmoja tu. Je, wakiwa elfu wanaosubiriana?

Nawapa kisa cha kweli. Katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kulikuwa na kompyuta kuu iliyoitwa ASCI Q, ambayo kwenye orodha ya dunia ya wakati huo ilishika nafasi ya pili. Ilikuwa na prosesa 8192, nne katika kila nodi, yaani kila moja ya kompyuta zilizounganishwa kuiunda. Watafiti waliendesha juu yake programu kubwa ya kisayansi iitwayo SAGE, na kila walivyozidi kuongeza nodi, ndivyo matokeo yalivyozidi kuachana na makadirio yao. Kwa ukubwa wote wa mashine, kazi ilichukua kama maradufu ya muda waliotarajia. Nusu ya kompyuta ilikuwa imepotea, na hakuna kifaa kilichokuwa kimeharibika.

Dalili iliyowashtua ni hii: walipotumia prosesa tatu za kila nodi na kuiacha ya nne ikae bure, kazi ilikwenda upesi zaidi kuliko walipotumia zote nne. Hebu lifikirieni hilo. Unapunguza wafanyakazi, kazi inaongezeka.

Wakachimba. Walichokikuta ni vikatizo vidogo: programu za usimamizi zilizokuwa zikiamka kila baada ya muda, kerneli ikifanya usafi wake, nodi zikiulizana kama ziko hai. Kwenye nodi moja, vyote kwa jumla vilikula asilimia chache tu za muda. Lakini SAGE ilikuwa inafanya hesabu kidogo, kisha prosesa zote zinasimama kusubiriana, kisha hesabu kidogo tena. Katika kila duru, mwendo wa wote ni mwendo wa aliyechelewa kuliko wote. Kama wewe peke yako unakatizwa mara moja kwa nadra, wewe huoni kitu. Kwenye maelfu ya prosesa, karibu kila duru yupo mmoja aliyekatizwa, na wenzake wote wamesimama wakimtazama. Dawa yao haikuhitaji kununua chochote: waliondoa programu zisizo za lazima, nyingine wakazikusanya kwenye nodi chache, nyingine wakazipunguza idadi ya kuamka. SAGE ikaenda kasi karibu maradufu.

Nani alikuwa anasubiri? Prosesa zenyewe zilikuwa zinasubiriana. Ukiwa na kazi ya namna hiyo, kila tiki unayoiondoa ni faida, na yule anayekwambia "ni asilimia 0.2 tu" hajauona upande wa pili wa hesabu.

Nilisema nitamrudia mwenye mashine pepe. Kwenye kompyuta kubwa za IBM watu walianza mapema kuendesha mifumo mingi ya Linux ndani ya mashine moja, mamia kwa wakati mmoja. Mingi haikuwa na kazi yoyote. Lakini kila mmoja ulidai tiki zake. Chukueni mashine pepe 100, kila moja na HZ 1000, zote zimelala: hizo ni tiki 100,000 kila sekunde, mashine halisi imechemka na hakuna aliyehudumiwa. Mwaka 2001, wakati HZ bado ni 100, Martin Schwidefsky wa IBM alileta kiraka cha kuondoa tiki za kudumu, kwa wazo lililo jepesi ajabu: kama huna kazi, usigongewe. Tazama kipima muda kinachofuata kinaiva lini, panga saa ikuamshe hapo, kisha lala.

Wazo hilo lilichukua miaka kuenea. Kwanza, katika kerneli 2.6.16 ya mwaka 2006, ukaja msingi wa vipima muda vya usahihi wa juu, uliojengwa na Thomas Gleixner na Ingo Molnár, ingawa bado vilisubiri tiki. Kisha mwaka 2007, katika 2.6.21, vipima muda hivyo vikaacha kusubiri tiki, na prosesa isiyo na kazi ikaruhusiwa kulala bila tiki. Na mwaka 2013, katika 3.10, ikawezekana hata prosesa yenye kazi kuachwa itulie, mradi ina programu moja tu ya kuendesha.

Hii ndiyo sehemu ninayowaomba muisikilize kwa makini, kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa ni wa kabla ya haya. Programu yako ikiomba kulala kwa milisekunde moja kwenye Linux ya leo, haingojei tiki ya milisekunde 10. Kitufe kikibonyezwa, kibodi inaleta kikatizo chake yenyewe, programu iliyokuwa ikikisubiri inaamshwa, na kerneli inaamua papo hapo kama impishe au la. Tiki haijatajwa popote kwenye safari hiyo.

Basi HZ imebaki na kazi gani? Imebaki na kubwa moja: kumwondoa aliyekalia prosesa wakati wenzake wako foleni. Kerneli hukagua kama zamu imekwisha pale tiki inapogonga. Na hapa kuna mfano mdogo unaoonyesha jinsi mambo haya yalivyo ya karibu. Mpangaji wa zamu wa sasa, ulioingia katika 6.6 mwaka 2023, ulikuja na zamu ya msingi ya milisekunde 3 kwa mashine yenye prosesa 8 au zaidi. Kwa HZ 250, hakuna tiki kwenye milisekunde ya 3. Kuna ya 4. Kwa hiyo zamu ya 3 inakuwa 4. Kwa HZ 100 inakuwa 10. Hata kwa HZ 1000, tiki ya tatu mara nyingi ilikuta programu imetumia pungufu kidogo ya milisekunde 3 kamili, ikaiongezea tiki nzima, ikawa 4. Baadaye zamu ikapunguzwa hadi milisekunde 2.8 ili tiki ya tatu iikute imeiva. Sehemu mbili za kumi za milisekunde! Wenye kuandika kerneli wanazihangaikia, kwa sababu mtu mwenye programu nne zinazogombea prosesa moja hungoja zamu tatu za wenzake kabla ya yake, na kila kilichoongezwa kinazidishwa kwa tatu.

Kwa hiyo nafasi ya HZ inaonekana prosesa zinapokuwa zimejaa. Mashine yenye prosesa za kutosha haitaona tofauti kubwa kati ya 250 na 1000, na mtu akikwambia ameiona, mwombe vipimo.

Nini basi mfanye? Nasema ninachokiamini. Kwenye kompyuta anayokaa mtu mbele yake, 1000, bila kusita. Kioo cha kawaida kinachora picha mpya kila milisekunde 16.7, na sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde kwenye bafa (hifadhi ya muda ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 256 inakupa milisekunde 5.3 za kuijaza tena. Programu moja inayokalia prosesa kwa milisekunde 10 tayari imekula karibu bafa mbili, na sikio halisamehe. Kwa kuwa prosesa iliyolala siku hizi haigongewi, ile hoja ya betri ya mwaka 2005 imepungua nguvu sana.

Kwenye seva inayojibu maombi mafupi ya watu wengi, 250 au 1000, lakini msianzie hapo. Anzieni kwenye namna ya kupishana, yaani jinsi kerneli inavyokubali kukatiza kazi moja ili impishe mwingine. Kerneli nyingi za sasa zinawaruhusu kuibadilisha wakati wa kuwasha, kwa neno preempt na thamani yake, bila kujenga chochote upya. Pimeni hapo kwanza.

Kwenye mashine ya kukokotoa, inayokesha na hesabu moja ndefu, 100 inafaa, na kama prosesa zinasubiriana kama zile za Los Alamos, zitengeni kabisa kwa nohz_full, chaguo la kerneli linalozima tiki kwenye prosesa zenye programu moja tu. Ila msiwashe kitu hicho kwenye seva ya kawaida mkidhani mnaipa zawadi. Kinafanya kila kuingia na kutoka kwenye kerneli kuwa ghali zaidi, na seva ya kawaida inaingia na kutoka mfululizo.

Na mnapopima, nawasihi, msipime wastani peke yake. Wastani unamficha anayesubiri. Mashine inaweza kujibu maombi 99 kwa milisekunde 2 na la 100 kwa milisekunde 200, wastani ukasoma chini ya milisekunde 4 na kila mtu akapongezwa. Yule wa 100 ni mtu. Pimeni asilimia ya 99, yaani muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauzidi, pimeni ya juu kabisa, na pimeni wakati mashine imejaa, kwa sababu mashine tupu haina foleni na zamu hazina maana pasipo foleni. Badilisheni kitu kimoja kwa mara moja. Andikeni namba za kabla.

Jioni ya leo, kila mmoja afungue faili ya usanidi wa kerneli iliyoko kwenye /boot, atafute mstari wa CONFIG_HZ, aisome namba yake. Halafu aandike pembeni yake jina la programu, au la mtu, anayesubiri kwenye mashine hiyo. Mkikwama kwenye hilo la pili, nipo hapa mpaka alasiri, njooni na vipimo vyenu tukae navyo.